Isale Haiulizwi

Jumamosi mchana Ndeshi alikunja masweta yaliyobaki mezani, akayashindilia ndani ya kiroba, akamwomba mama muuza nyanya wa jirani amtazamie hadi jioni. Biashara ilikuwa nzuri. Tangu serikali ilegeze kamba na mabelo ya mitumba yaanze kumiminika kwa njia ya Namanga, mtaa mzima wa Sakina ulikuwa ukivaa sufu ya Ulaya, na baridi ya Juni haikuwa ikimbembeleza mtu. Pembeni yake Eliya, fundi wa breki na klachi, alikuwa akinawa mikono, kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni. Naye alikuwa akienda kulekule. Wakashika njia kwa miguu, Ndeshi na karatasi zake ndani ya kanga, Eliya na zake ndani ya bahasha yenye alama za vidole vya grisi.

Walikuwa wanakwenda kusimamisha lori.

Lori lilikuwa la Sikitu. Watu waliokuwa wakisoma hadithi miaka ile walimjua Sikitu, mwanamke dereva, ambaye visa vyake vilitoka kila mwezi katika jarida moja la Dar es Salaam. Kisha karatasi zikaadimika, jarida likafa, na Sikitu akaachwa anateremka mlima na lori la saruji lisilo na breki, mbele yake daraja limevunjika. Mwandishi hakupatikana. Wengine walisema amehamia Lusaka, wengine kwamba amefungua bucha. Miaka ikapita lori likiwa linateremka tu, na wapo watu wazima waliokosa usingizi kwa ajili hiyo. Mwishowe wapenzi wa Arusha wakaona yatosha. Wakaunda chama, wakakiita Wapenzi wa Sikitu, wakawa wanakutana kila Jumamosi katika steshenari ya Aikande, Sokon I, na yeyote aliyekuwa na njia ya kulisimamisha lile lori alikuja nayo imeandikwa.

Chama kilikuwa na desturi yake. Sura haikuandikwa jina. Mwenyekiti, Mzee Abdiel, mwalimu mstaafu kutoka mlimani, ndiye aliyeiweka. Alisema mtoto hapewi jina angali tumboni, na tena watu wakijua mwandishi ni nani watamsifu kwa sababu ya ukoo au kumponda kwa sababu ya deni. Kwa hiyo sura ilikabidhiwa kwa katibu, Reginald, aende nayo nyumbani, ainakili kwa mwandiko wake, aweke nukta na mikato, na Jumamosi ifuatayo aisome kwa sauti. Ikiwapendeza watu, mwenyekiti alisema, "Mwenye mtoto asimame." Hapo ndipo jina lilipoandikwa, na Aikande akawasha mashine ya fotokopi kutoa nakala za kuuzwa mjini. Tangu chama kianze hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

Reginald alikuwa Mmachame wa Kilimanjaro, karani wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Sauti yake ilikuwa mali. Hata ile sura ya Eliya, ambamo Sikitu alifungua na kufunga kila nati ya lori huku linakwenda, aliisoma mpaka watu wakasahau kwamba wanasomewa orodha ya vipuri. Jina lake lilikuwa kubwa kutoka Kaloleni hadi Ngarenaro, na alikuwa amelipata kwa haki. Ila yeye mwenyewe hakuwa ameleta sura tangu Pasaka. Akiulizwa alicheka, akasema yake bado inachemka.

Sura ya Ndeshi haikuhangaika na breki. Humo Sikitu alikata usukani, akaiacha barabara, akaingia shamba la migomba. Mgomba ni maji matupu. Ukiugonga hauvunjiki, unalala. Ikalala mmoja baada ya mwingine mbele ya lori mpaka lori likachoka. Ndipo akatokea bibi mwenye shamba, jembe mkononi. Hakusema pole. Alisema, "Umemaliza? Haya, shuka unywe uji, halafu uniinulie migomba yangu." Akamgombeza Sikitu msimu mzima huku akimlisha, na Sikitu, ambaye miaka yote ya jarida hakuwahi kukaa mahali, akakaa.

Bibi huyo alikuwa Hanna, mama yake Ndeshi, aliyezikwa nyuma ya nyumba yao kule Nkoaranga mwaka uliotangulia. Ndeshi hakuwa na picha yake ya maana. Iliyokuwepo ilipigwa kwa ajili ya kadi, na ndani yake mama alionekana kama amekamatwa. Lakini katika sura ile alikuwa amesimama mzima, na jembe lake na makelele yake yote. Ndeshi alipoandika neno la mwisho alilia kwa furaha, akajipikia chai ya maziwa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa na mahali pa kumtembelea mama yake pasipo na msalaba. Ndizo karatasi alizomkabidhi Reginald Jumamosi ile.

Wiki iliyofuata Reginald alizisoma. Alizisoma vizuri kupita siku zote. Alipofika kwenye uji, Aikande alijifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia mashine, akabaki na weusi wa wino shavuni. Eliya alisahau kufunga mdomo. Ndeshi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisikia mama yake akigomba katika sauti ya mwanamume wa Kimachame, na hata hivyo alikuwa ni mama yake tu.

"Mwenye mtoto asimame," akasema Mzee Abdiel.

Ndeshi alikuwa akijifunga kanga sawasawa ili ainuke. Reginald, ambaye alikuwa amesimama tayari, alisema, "Ni yangu."

Watu wakapiga makofi. Makofi yakaendelea hadi yakaisha, ndipo Ndeshi akapata nafasi ya kusema.

"Kaka Reginald, hiyo ni yangu. Nilikupa mkononi, hapahapa."

"Ulinipa sura, dada Ndeshi, sikatai," akasema Reginald kwa upole. "Ile ya Sikitu kuruka dirishani. Ipo nyumbani, nitakurudishia. Ina makosa mengi."

"Sijaandika dirisha mimi. Yule bibi ni mama yangu!"

"Kila mtu ana mama, Ndeshi," akasema Aikande, akiendelea kujifuta.

Mzee Abdiel akauliza kama yupo aliyewahi kuiona sura ile kabla ya siku hiyo. Hakuwepo, desturi ilikuwa hairuhusu. Akamuuliza Reginald alimtoa wapi bibi yule. Reginald akatazama dari kidogo.

"Nilimwota," akasema.

Hakuna aliyeona ajabu. Mtu mwenye sauti ile angeweza kuota chochote.

Kuanzia siku hiyo Ndeshi akaitwa Fotokopi. Jina la kupachikwa huenda mbio kuliko mwenye nalo. Lilifika Sakina kabla yake. Wateja waliokuwa hawajasoma hata mstari mmoja wa Sikitu walimwuliza kwa mzaha kama masweta yake nayo ni nakala. Eliya, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache tu kutoka ya Ndeshi, alianza kukalia bahasha yake. Hakumtukana. Aliikalia tu, na hilo lilimchoma Ndeshi zaidi ya tusi. Kisha ikaja habari kwamba mwenyekiti ataitisha kura: anayedai kisicho chake afutwe chamani. Na kwamba sura ya bibi, baada ya kura, itapelekwa kwenye gazeti jipya la watu binafsi lililokuwa limeanza kutoka pale mjini, ichapishwe kwa jina la mtungaji wake.

Ndeshi alikwenda kwenye mkutano huo akiwa amevaa gauni la kanisani. Alitaka kitu kimoja, jina lake juu ya sura ile, kwa sababu mama aliyeandikwa na mgeni ni mama aliyeuzwa. Hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya kujua.

Umeme ulikuwepo. Aikande akasema atangulize kutoa nakala za sura ya bibi kabla haujakatika, kura itafuata. Akaweka ukurasa wa kwanza kwenye kioo, akabonyeza. Mashine ikalia, ikatema karatasi, na karatasi ikatoka na mche mdogo wa kijani umeota pembeni. Aikande akautazama, akaipangusa trei, akatoa nyingine. Nayo ilikuwa na mche. Akasema wino wa siku hizi wanachanganya.

"Hiyo ni isale," akasema Eliya.

Ilikuwa isale. Wakautoa ule ukurasa kwenye kioo, wakaugeuza pamoja na kurasa zilizobaki mikononi mwa Reginald, na sura yenyewe ya asili ilikuwa imeanza kuota. Ukurasa wa kwanza, chini ya aya mbili za utangulizi ambazo Reginald alikuwa ameziongeza kuhusu uzuri wa machweo, miche ilikuwa imejipanga mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Ukurasa wa mwisho, juu ya aya aliyokuwa ameiongeza kuhusu wajibu wa vijana, mstari mwingine. Katikati hapakuwa na mche hata mmoja; palikuwa na maneno ya Ndeshi yamelala kama shamba lililopaliliwa.

Sasa huko mlimani, Meru na Kilimanjaro kote, hakuna asiyeijua isale. Hupandwa mpakani, pale shamba la fulani linapoishia na la fulani linapoanzia, na hata mlevi akiangukia pale haing'oi. Tena jani lake likikatwa, likafungwa fundo, likapelekwa kwa uliyemkosea, huwa ni ombi la msamaha, na anayeletewa hakatai hata kama ilimwagika damu. Watu hawajawahi kuzichanganya kazi hizo mbili. Ya mpakani ina mizizi. Ya msamaha huja imekatwa.

Eliya akashika mche mmoja kwa vidole vyake vya grisi, akauvuta taratibu. Ukatoka na nyuzi nyeupe.

"Ina mizizi, mwalimu," akasema. "Hapa ni mpaka."

Kila mtu akaangalia sakafu, isipokuwa Reginald aliyeangalia saa. Lilikuwa jambo rahisi kabisa lililokuwa limelala pale kwenye karatasi, na kama lingesemwa na mtu mmoja zaidi lingekuwa limesemwa. Lakini kulisema kulihitaji mtu amwambie Reginald neno usoni, na Reginald ndiye aliyewasomea wote watoto wao. Mzee Abdiel alikohoa. Akachomoa kijikisu cha kumenyea machungwa, akaukata mche juu ya mizizi, akalikunja jani, akalifunga fundo.

"Penye wazee haliharibiki neno," akasema. "Isale imetoka kwenye karatasi ya Reginald. Basi Reginald ameleta isale. Kijana ameombewa shari, akasingiziwa, na bado yeye ndiye wa kwanza kushuka. Hayo ndiyo malezi. Ndeshi binti yangu, pokea."

Watu wakashusha pumzi. Aikande akasema kweli Reginald ana moyo. Mwingine akasema angekuwa yeye asingeweza. Reginald aliinamisha kichwa kwa namna ambayo ilionekana kuwa ni unyenyekevu, na huenda ilikuwa hivyo.

Jani lilikuwa mbele ya Ndeshi, mkononi mwa mzee. Aliyefundishwa na Hanna alijua kwamba isale haikataliwi. Akikataa, ukoo mzima wa Nkoaranga utatembea umefunika uso. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. "Nami nauliza, ni ya kosa gani?"

"Binti yangu," akasema Mzee Abdiel, si kwa ukali, "isale haiulizwi."

Kura haikupigwa, kwa kuwa hapakuwa tena na ugomvi. Msamaha ulikuwa umeombwa na kutolewa bila kosa kutajwa, na wote wakanywa soda. Ndeshi hakufutwa. Alibaki mwanachama, na alibaki Fotokopi. Alipotoka nje jani lile lilikuwa limelowa kwa jasho la kiganja chake, na alikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa, kwa sababu hakuna jela ya kumweka mtu ambaye umeshamsamehe.

Gazeti likaitoa sura ya bibi ukurasa wa kati, jina la Reginald juu kwa wino mzito. Isale ikaota katika kila nakala. Wauza magazeti wa karibu na mnara wa saa, katikati ya mji, walikuwa wakiyanyunyizia maji asubuhi ili yasinyauke kabla ya kununuliwa. Mhariri akaweka tangazo dogo, wasomaji wanaombwa kung'oa mimea kabla ya kukunja gazeti, likachapwa wiki mbili, kisha likaachwa, watu wakiwa wamezoea. Waliokuwa na ua walikwenda kuipanda kwenye ua. Mwaka ule mipaka mingi ya viwanja iliyokuwa na kesi mahakamani ilipata isale nzuri, na hakimu mmoja alisifia upandaji miti.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuiona barabara ya Nairobi. Reginald alipewa safu ya kila wiki. Aliitwa kufungua harambee ya kwaya, akapigwa picha ameshika mkasi. Mkasi alikuwa akiuhitaji hata nyumbani, kwa kuwa ile sura ya asili, aliyoiweka kabatini, ilikuwa imepasua mlango wa kabati na kuendelea na korido. Safu zake mpya, alizoandika mwenyewe, hazikuota kitu. Wasomaji walianza kulalamika kwamba gazeti limekauka.

Ndeshi hakuandika. Aliuza masweta. Alijiambia kwamba amesema "nimepokea" kwa kinywa chake, kwa hiyo shamba lile limekwenda na mama aliyekuwa ndani yake. Jumapili alipopanda Nkoaranga kufagia kaburi, alifagia kaburi tu, akarudi.

Hali hiyo ikaendelea mpaka Reginald alipokuja mezani kwake. Alikuja mchana, amevaa tai, na kipande cha jani la isale kimenasa kwenye ukosi wa shati. Alikuwa amekonda.

"Habari za kazi, dada Ndeshi?"

"Nzuri, kaka. Unatafuta sweta?"

"Ndiyo. Hapana." Akashika sweta moja, akaliachia. "Yule bibi. Msimu ukishakwisha, Sikitu akishaondoka. Yeye anafanya nini?"

Ndeshi aliendelea kukunja. Nyuma yake nyundo ya Eliya ilikuwa imenyamaza.

"Si ulimwota?" akasema Ndeshi.

"Nilimwota."

"Basi kalale."

Reginald alinunua sweta lisilomtosha, akalipia bei aliyotajiwa, na Mmachame asiyeomba kupunguziwa bei ni mtu mwenye shida kubwa. Ndeshi alimwonea huruma, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma, kisha akaketi juu ya belo, kwa sababu alikuwa ameelewa jambo. Mtu yule alikuwa na shamba lote, migomba, jembe, uji na jina juu ya uzio, na hakujua bibi akiamka kesho atafanya nini. Alichukua alichokikuta. Yaliyokuwa hayajaandikwa hayakuwepo wakati anachukua, na hayo yalikuwa mengi, na yote alikuwa nayo Ndeshi, kwa kuwa alilelewa nayo. Alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka mama wa nyanya akamgeukia. Akaomba kalamu. Akaanza kuandika jioni ileile nyuma ya meza, juu ya karatasi za kufungia masweta, na mama yake akatokea na jembe kabla ya mstari wa tatu, anauliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Karatasi zilibaki karatasi. Hakuna kilichoota.

Eliya ndiye aliyezisoma wa kwanza. Hakuomba radhi, alimletea kiti kizuri zaidi kutoka gereji, kiti cha gari, akakifuta, akamwambia kukalia belo kunaumiza mgongo. Jumamosi alikwenda Sokon I peke yake, akarudi akasema wanamsalimia. Akasema pia kwamba Mzee Abdiel anaona si vizuri Ndeshi kuandika tena habari za bibi yule, maana sasa bibi ni wa Reginald na mambo yalishasuluhishwa.

"Mwambie shikamoo," akasema Ndeshi, akaendelea kuandika.

Fransiska alifika mwezi wa tisa. Alikuwa mwanamke wa Rombo, mfungashaji wa maua katika shamba moja la Usa River, mikono imechanjwachanjwa na miiba ya waridi. Alisimama kando ya meza kwa muda, akimsikiliza Ndeshi akigombana na mteja aliyerudisha sweta lililofumuka. Ndeshi alikuwa akimwuliza yule mama kama alilivaa au alilifungia mbuzi, na wakati huohuo alikuwa ameshampa jingine, tena zito zaidi, na anamfungia. Mteja alipoondoka, Fransiska alisogea, akaweka mezani kopo la mafuta ya kupikia. Ndani yake kulikuwa na udongo, na juu ya udongo ukurasa wa gazeti, na isale mbili zimesimama kimo cha goti, moja juu ya maandishi na moja chini.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nani?"

"Mwenye haya ya katikati. Ya juu ya mpaka na ya chini tulishayafungia vitumbua, hayana kitu. Lakini haya ya katikati tunayasoma kila wakati wa chakula, yamekwisha tumeyameza. Nikawaambia wenzangu, mpaka ni mpaka, lazima yupo mwenye shamba. Wiki nzima kila nikija mjini nasikiliza watu wanavyoongea. Nimekusikia sasa hivi na yule mama. Nikasema, ndiye."

Ndeshi alishika ukingo wa meza. Tangu Juni alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi ya kujitetea, na hakuna hata moja lililohitajika.

"Hukuona jina hapo juu?" akauliza.

"Nililiona. Liko nje ya isale." Fransiska alivuta kiti cha gari, akakaa bila kukaribishwa. "Migomba waliiinua yote, au mingine ilikufa?"

"Mingine ilikufa," akasema Ndeshi. "Kwanza bibi alilia. Halafu akasema ng'ombe naye ale."

"Na yule msichana wa lori, akarudi barabarani?"

"Alirudi. Bibi akabaki na shughuli."

"Shughuli gani?"

Ndeshi akainama chini ya meza, akatoa karatasi za kufungia masweta.

Wiki ileile gazeti likaongeza mkataba wa Reginald na kumpa cheo. Chama kikamtengenezea fremu ile sura ya bibi, ikatundikwa steshenari, na Aikande akawa anapogolea isale zake kila Jumatatu ili zisiguse waya wa umeme. Jina la Fotokopi liliendelea kutumika pale Sokon I, hata na watu waliokuwa hawakumbuki limetoka wapi, na halikuondoka tena.

Siku ya malipo wafungashaji wa Usa River walimwalika Ndeshi aje mwenyewe. Aliwakuta wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, sahani za makande mapajani, banda zima linanuka waridi na dawa. Fransiska akagonga kijiko kwenye bomba mpaka wakanyamaza.

"Mwenye shamba amekuja," akasema. "Sema jina kwanza, dada, ili tujue tunayemsikiliza."

Ndeshi alisimama. Aliona aibu kidogo, kwa kuwa katika maisha yake hakuwa amewahi kusimama ilipoulizwa hivyo.

"Ndeshi, binti Hanna, wa Nkoaranga," akasema.

"Karibu, Ndeshi binti Hanna," wakaitikia, wengine midomo imejaa.

Akaanza kusoma. Bibi aliamka, akaenda kuangalia kama mvua imefika kwenye mizizi, akamkuta jirani anapitisha ng'ombe, na ugomvi ukaanza. Wanawake wakacheka mpaka makande yakamwagika. Msimamizi akaja mlangoni, akasema muda wa chakula umekwisha. Akaambiwa asubiri, bibi bado anaongea, naye akageuza ndoo akakaa.